Barua ya wazi kuhusu zebaki: tuleteeni mtaalamu wa kukaa nasi mwaloni

Kwa Waziri wa Madini. Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Kwa Tume ya Madini. Na kwa wakurugenzi na madiwani wa halmashauri zenye machimbo ya dhahabu, kuanzia Geita na Mbogwe hadi Kahama na Chunya.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mama wa miaka 52, mwenye mwalo mmoja, yaani eneo la kuoshea na kutoa dhahabu kwenye mawe, na karasha moja ya kusagia mawe, katika Mkoa wa Geita. Mwalo niliachiwa na marehemu mume wangu. Wanaofanya kazi hapa kwa siku wanafika 15, na mawe yakiwa mengi wanafika 20 au zaidi. Wengi wao ni kina mama. Nawaandikia kwa sababu hapa kwangu panatumika zebaki, nataka iondoke, na nimejaribu kuiondoa peke yangu nikashindwa kuimaliza.

Wengine kati yenu mmefika mialoni, wengine mnazisoma habari zetu kwenye makaratasi, kwa hiyo nieleze kazi yenyewe. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yanasagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga unapitishwa na maji juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa magunia, mchanga mzito unabaki kwenye nyuzi za magunia. Tunayakung'utia magunia kwenye beseni, tunatia zebaki, na mama anakoroga kwa mikono mitupu mpaka zebaki iikamate dhahabu. Linatoka donge la rangi ya fedha. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, halafu linachomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Zebaki inachemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na mkaa ukipulizwa vizuri unafika huko bila taabu. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Moshi wa kuni unakuwasha macho, unajua umekaa vibaya, unasogea. Huu hautoi taarifa.

Kwa miaka 9 mimi na mume wangu tulichomea jikoni, kwenye jiko lilelile la kupikia ugali. Nje kuna upepo, kuna mvua, na dhahabu ina macho mengi; mtu mwenye donge mkononi anataka ukuta nyuma yake na mlango uliofungwa. Mwanangu wa tatu nilimlea mgongoni mbele ya jiko lile. Naliandika hili hadharani kwa kuwa najua nyumba nyingi hapa kwetu ambako linafanyika leo jioni, na hao wanaolifanya ni wazazi wanaowapenda watoto wao kama mimi nilivyompenda wangu.

Kuna mama nilifanya naye kazi tangu siku zile. Yeye ndiye aliyekuwa akichomea watu kwa malipo, donge baada ya donge, siku sita za wiki. Leo mikono yake inatetemeka hawezi kushika kikombe cha uji kikafika mdomoni kimejaa. Anasahau majina ya wajukuu. Usiku halali. Majirani walisema amerogwa. Zahanati alipewa dawa ya malaria mara nne. Katika miaka yote hiyo hakuna mhudumu aliyemuuliza swali moja jepesi: mama, unafanya kazi gani?

Mvuke wa zebaki ukiingia mapafuni unapita moja kwa moja kwenye damu, na kutoka kwenye damu unafika kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito unapita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ile inayomwagika na kuingia mitoni inageuzwa na vijidudu vya kwenye matope kuwa zebaki ya aina nyingine, kali zaidi, inayojilimbikiza kwenye samaki: samaki mdogo anabeba kidogo, anayemla mdogo anabeba ya wengi. Ndivyo ilivyokuwa Minamata, mji wa pwani kule Japani, ambako kiwanda kilimwaga taka zake kwenye ghuba. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na umwagaji haukukoma mpaka 1968. Miaka 12, huku watu wanakula samaki. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania ilitia saini mwaka 2013 na kuridhia mwaka 2020. Na katika mkataba huo sisi wachimbaji wadogo tumetajwa waziwazi, kwa sababu uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaoongoza kwa kutupa zebaki hewani. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliweka mchango wetu karibu asilimia 38 ya zebaki yote inayorushwa na shughuli za binadamu.

Kwa hiyo siandiki kuipinga sheria. Kanuni za mazingira kwa wachimbaji wadogo za mwaka 2010 zinataka zebaki ichomewe kwenye kigida, chombo cha kufunika kinachonasa mvuke wake, na ni kanuni nzuri. Ninachotaka kuwaeleza ni kilichotokea kanuni hiyo ilipofika kwangu.

Siku moja walikuja watu wa mradi. Tuliitwa ukumbini siku mbili, tukapewa maji, soda, daftari na fulana. Walitufundisha vizuri, sina ubaya nao. Kigida ni chombo cha chuma chenye kikombe na kifuniko cha kubana. Juu yake linatoka bomba linalopinda kwenda chini. Donge linawekwa kwenye kikombe, moto unawashwa chini, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki ya kumiminika na kudondoka kwenye chombo chenye maji. Ukifanya sawasawa unaokoa hadi asilimia 95 ya zebaki, na unaitumia tena. Mwisho wa siku ya pili mwalo wangu ulipewa kigida kimoja. Tukapiga picha. Wakaondoka.

Mara ya kwanza kukiwasha, vijana wenye mawe yao walisimama wakinizunguka kama watu wanaomlinda mwizi. Walizoea kuona donge likigeuka rangi mbele ya macho yao. Sasa donge limefungiwa kwenye chuma, na aliyelifungia ni mwenye mwalo. Wakasema kile chombo kinameza dhahabu. Tulipofungua, dhahabu ilikuwa imeshika kwenye kuta za kikombe na rangi yake imefifia, iko karibu na kahawia. Broka, mnunuzi wa dhahabu, aliitazama, akakata bei. Unaweza kuwaza kilichosemwa mwaloni jioni ile.

Mara ya tatu kifuniko kilianza kuvujisha. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye bango la semina. Mradi ulikuwa umeisha.

Nilipata fundi mchomeleaji mjini akanitengenezea kingine kwa vipande vya mabomba ya maji, kwa bei isiyofika gramu moja ya dhahabu. Hicho nacho kilikaribia kuniua. Tulizamisha mdomo wa bomba ndani kabisa ya maji tukidhani ndiyo salama zaidi. Moto ulipopungua, chuma kilianza kupoa na kuyavuta maji juu, yakapanda kwenye bomba hadi kwenye kikombe chenye moto mkali. Kifuniko kiliruka. Namshukuru Mungu nilikuwa nimegeuka kumwita mtoto. Tangu siku hiyo kigida kikakaa stoo, na sisi tukarudi kwenye kikaango.

Sasa someni hapa kwa utulivu, Waheshimiwa, kwa maana barua yote iko hapa. Miaka miwili baadaye alikuja kijana aliyesomea madini, mtoto wa jirani yangu, akisubiri ajira. Alikaa kwetu wiki tatu. Hakuwa na bango wala fulana. Aliketi mwaloni kila siku kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Alitufundisha kuusafisha mchanga mzito kwa maji mara nyingi zaidi kabla ya kugusa zebaki, ili beseni zima libaki vijiko vichache, na zebaki inayotakiwa ipungue. Alitufundisha kupaka kikombe cha kigida chokaa ya kuandikia iliyosagwa ili dhahabu isishike. Alitufundisha bomba liishie wapi kwenye maji, na kukiacha chombo kipoe kabla ya kufungua. Zebaki iliyochoka, ile inayovunjika vipunje vipunje na kukataa kukamata, tulikuwa tunaimwaga. Akatuonyesha kuihuisha kwa maji ya chumvi na betri ya gari. Na lile la vijana kuniona mwizi alilimaliza kwa njia nyepesi kuliko zote: kila mwenye donge alipima uzito wake mwenyewe kabla na baada, na ufunguo wa kigida akawa anaushika yeye mwenye donge.

Chupa ya zebaki niliyokuwa nikiinunua kila baada ya wiki mbili sasa inanifikisha miezi miwili na zaidi. Nimewatajia hilo kwa kuwa ni hesabu ya mfukoni mwangu.

Semina ilikuwa ya wataalamu wakubwa kuliko yule kijana, na kigida chao kilikuwa kizuri kuliko cha mabomba. Yeye alitufaa kuliko wao kwa kitu kimoja: alikuwepo siku kilipovuja. Hilo ndilo ninaloliomba kwenu. Msaada wa kuzuia uchafuzi uwe ni mtu, awe na jina tunalolijua, awe na zamu zake mialoni mwaka hadi mwaka, na mshahara wake usitegemee mradi unaokwisha Juni. Tuna bwana shamba na bwana mifugo, tunawaita hivyo tangu enzi za wazazi wetu. Wachimbaji wadogo tunaotumia sumu tunastahili wetu.

Na tafadhali, mtu huyo asiwe ndiye anayetoza faini. Nalisema hili kwa uzoefu. Siku ya ukaguzi, kila mwalo unajua tangu gari lipo barabara kuu. Mabeseni yanafichwa, na donge linakwenda kuchomwa chumbani usiku, dirisha limefungwa, watoto wamelala mle mle. Mkaguzi anaondoka na taarifa safi, na sumu imehamia kitandani. Mtu nitakayemficha beseni hawezi kunifundisha kulitumia. Binti yangu aliye chuo alinisomea habari za jimbo la Massachusetts huko Marekani: mwaka 1989 walipitisha sheria ya kupunguza matumizi ya kemikali zenye sumu, na pamoja na sheria wakaweka ofisi ya kuwashauri wenye viwanda bure na kwa siri, mbali na wale wanaoadhibu. Gharama zinachangiwa na ada wanazolipa watumiaji wakubwa wa kemikali hizo. Ni nchi tajiri, najua. Lakini kumtenga mshauri na mtoza faini hakuhitaji utajiri.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku tu, kama mifuko ya plastiki. Mimi marufuku ile ya tarehe 1 Juni 2019 niliifurahia na bado naifurahia. Ilishika kwa sababu mama wa sokoni alikuwa na kikapu, na mifuko mbadala ikaja haraka. Mchenjuaji, yaani mtu anayetenganisha dhahabu na mawe, mwenye viroba vitano hana kikapu. Zebaki tayari ni kemikali inayodhibitiwa, mtu anatakiwa kuwa na kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini mialoni inauzwa kwenye vichupa vidogo bila lebo, kwa mkono na kwa mkopo. Ikikazwa bila kitu cha kushika badala yake, bei ya kichupa itapanda na madirisha yatafungwa zaidi.

Kitu cha kushika kipo. Zipo meza za kutikisika zinazotenganisha dhahabu na mchanga kwa uzito. Wapo wachimbaji wadogo wa Benguet, Ufilipino, ambao kwa miaka mingi wanayeyusha mchanga wao mzito kwa boraksi, aina ya madini ya chumvichumvi, bila zebaki kabisa. Inataka mchanga uliosafishwa sana, na ndiyo maana inataka mwalimu wa kukaa. Serikali kupitia STAMICO, shirika lake la madini, ina vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi. Naomba vituo hivyo viongezewe kazi: viwe makao ya hao wataalamu, na kila kimoja kiwe na meza ya kutikisika na tanuri dogo ambalo mama mwenye viroba vitano anaweza kulipia kwa saa, apime mwenyewe, aondoke na dhahabu yake siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, Waheshimiwa. Ukimwambia asubiri wiki atarudi kwenye beseni, maana watoto wanakula leo.

Kuna jambo la marudio ambalo nadhani huko juu halizungumzwi inavyostahili. Zebaki mara nyingi inakamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe. Inayobaki inakwenda na mchanga tunaouita marudio, na kwa desturi ya mialo mingi marudio ni mali ya mwenye mwalo, ambaye anayauza kwa wenye plenti za sayanaidi, mitambo inayotoa dhahabu iliyobaki kwa kemikali hiyo. Mimi ni mwenye mwalo, nimeishi kwa desturi hiyo, na nakiri kwamba mchenjuaji anavuta sumu ili apate nusu ndogo, sisi tunapata kubwa. Tena marudio yale yana mabaki ya zebaki, na zebaki ikikutana na sayanaidi inayeyuka na kusafiri na maji kirahisi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mkataba wa Minamata umekitaja kitendo hicho, cha kutia sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza, miongoni mwa mambo mabaya ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha. Mtu akitoa dhahabu nyingi zaidi tangu mwanzo bila zebaki, anaongeza kipato chake na marudio yanabaki bila sumu hiyo. Msituuzie usalama peke yake. Tuonyesheni gramu. Mwaloni gramu inasikika haraka.

Fedha mtaniuliza. Mrabaha wa dhahabu kwa kawaida ni asilimia 6, na tangu masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019 tunalipa pale sokoni, mbele ya mizani. Naomba sehemu ya kile tulicholipa irudi mwaloni ikiwa na sura ya mtaalamu. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama wachenjuaji kikiomba meza ya kutikisika kihesabiwe sawa na kinachoomba cherehani au kuku. Kampuni kubwa za madini zinatakiwa na sheria, tangu marekebisho ya 2017, kuwa na mipango ya uwajibikaji kwa jamii. Madarasa tunashukuru, yaendelee. Lakini zahanati moja ya machimboni yenye uwezo wa kuchukua mkojo wa mchomaji na kuupeleka kupimwa zebaki, hapa kwetu ingekuwa ya kwanza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lipo tangu lilipoundwa mwaka 1973, na vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha uchomeleaji. Kigida cha kioo au cha bomba, chenye kifuniko kisichovuja na vipuri vinavyopatikana Geita mjini, ni kazi ya mikono ya vijana wetu. Wapewe mchoro na oda.

Msisahau wanunuzi. Dhahabu iliyotoka kwenye kigida bado inabaki na zebaki kidogo, na broka anaichoma tena dukani kabla ya kupima. Maduka hayo yako katikati ya mji, jirani na mama ntilie na wauza nguo. Dohani yenye kichujio katika kila soko la madini iwekwe, na kuchomea pale kuwe bure. Na bei ya sokoni isipunguzwe kwa rangi. Dhahabu iliyofifia kwa sababu ya kigida ni dhahabu ileile ikipimwa usafi wake. Anayeikata bei anatuadhibu kwa kutii kanuni.

Kuhusu watoto nitasema sentensi moja: mtoto asikae mwaloni, na mama yake akipata pa kumwacha, hatakaa.

Mwalo wangu uko wazi kwa yeyote kati yenu. Tunachoma Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri, chini ya paa la bati lisilo na kuta, na kigida cha mabomba ya maji. Mtakuta bado tunatumia zebaki. Mtakuta pia daftari ambamo nimeandika kila donge, uzito kabla, uzito baada, na zebaki iliyorudi; mkilitaka nitawapa mlichukue. Yule mama wa mikono anakuja karibu kila siku kwa mazoea, anakaa kwenye kivuli cha mwembe, mbali na moto, hapo ndipo tulipomwekea kigoda. Naomba mkifika mwanze kwake, kabla ya kuja kwangu.

Wenu,
Mama mwenye mwalo,
Mkoa wa Geita